Shahada ya sayansi mchanganyiko: shika swali moja, uende nalo kila darasa

Mwaka wa pili chuoni tulipelekwa fildi kwenye kijiji kimoja cha Wilaya ya Bahi, magharibi ya Dodoma mjini. Mama aliyetupokea alibandika maharage asubuhi wakati sisi tunakunywa chai. Saa saba mchana yalikuwa bado magumu. Akaonja moja, akamwita binti yake.

"Umechota wapi?"

"Kwenye pampu, mama."

"Hayo ni ya ng'ombe, mwanangu. Maharage hayaivi kwa maji ya pampu."

Binti akachukua dumu akateremka korongoni. Nilimfuata. Mto ulikuwa umekauka, mchanga mtupu. Akafukua kwa mikono mpaka kiwiko kikazama, akakaa kusubiri maji yajichuje, kisha akayachota kwa kata, kidogo kidogo, mpaka dumu likajaa. Tuliporudi mama akamwaga maji ya mwanzo, akatia yale ya korongoni na magadi kidogo. Kabla ya magharibi tulikuwa tunakula.

Semista ile nilikuwa na kemia, baiolojia, jiolojia na takwimu. Nilikuwa na madaftari manne na sikuwahi kuyafungua mawili kwa wakati mmoja. Usiku ule niliyafungua yote. Maji ya pampu, yanayotoka kisima kirefu, yamekaa muda mrefu kwenye mwamba, na katika nchi kavu kama hii, yenye msimu mmoja wa mvua na jua kali miezi inayobaki, chumvi hujikusanya. Kati yake kuna kalsiamu na magnesiamu. Kalsiamu hiyo huingia kwenye ukuta wa seli za haragwe na kuikaza pektini, ile gundi inayoshikanisha seli, kwa hiyo haragwe linachemka siku nzima halilainiki. Magadi ni kabonati ya sodiamu: yanaishusha kalsiamu chini kama unga wa chaki, na yanailegeza gundi. Maji ya korongoni ni ya mvua ya juzi tu, hayajakaa na mwamba.

Kila mhadhiri wangu alikuwa ameshanifundisha kipande chake. Hakuna aliyenifundisha sufuria nzima, na sidhani ilikuwa kazi ya yeyote kati yao. Ilikuwa kazi yangu.

Nawaandikia mliochaguliwa, au mnaofikiria kuomba, shahada za sayansi zinazochanganya masomo: sayansi ya mazingira na nyingine za namna hiyo, ambapo mtu aliyetoka kombi ya PCB (fizikia, kemia, baiolojia) au CBG (kemia, baiolojia, jiografia) anakaa darasa moja leo na wakemia, kesho na wanajiolojia. Mchanganyiko huu si wa jana. Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kimekuwa kikitahini sayansi asilia kwa pamoja tangu 1851, na mpaka leo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa shahada hiyo husoma sayansi tatu pamoja na hisabati. Lakini nyumbani utaulizwa. Mjomba wangu aliniuliza ninasomea nini hasa, nilipomweleza akasema, "Mshika mawili moja humponyoka." Nikaumia. Sasa nasema wazi kwamba kwa mwaka wangu wa kwanza mjomba alikuwa na haki. Nilisoma kila kozi kwa ajili ya mtihani wake, nikafaulu nyingi, na ungeniuliza ninajua nini ningebabaika.

Kilichoniokoa ni swali la maharage. Nililibeba kila nilipokwenda. Kwenye praktiko ya kemia niliomba kupima ugumu, yaani wingi wa kalsiamu na magnesiamu, wa maji yangu mwenyewe badala ya yale yaliyoandaliwa maabara. Nilibeba chupa mbili kutoka Bahi, moja ya pampu, moja ya korongo. Kwenye jiolojia asaimenti yangu ikawa juu ya granaiti iliyooza na maji yanayopita ndani yake. Kwenye takwimu nilitumia vipimo vyangu. Wahadhiri wengi hukubali ukiwafuata wiki ya pili au ya tatu ya semista, ukiwa na swali lililoandikwa kwenye karatasi moja. Ukienda wiki ya kumi na mbili hawatakusikiliza, na hawana kosa. Swali lenyewe si lazima liwe kubwa. Liwe la mahali unapoweza kufika kwa nauli yako, na liwe linakukera kweli.

Jambo la pili nataka ulisome taratibu, maana lilinigharimu. Idara tofauti hupima kitu kimoja kwa vipimo tofauti. Chukua lita ya maji yenye miligramu 40 za kalsiamu. Mkemia atakuambia ni milimoli 1. Mtu wa maji ataandika kwamba ugumu wake ni miligramu 100 kwa lita, kwa sababu yeye huhesabu kama kabonati ya kalsiamu. Namba tatu, glasi moja. Mimi nilichukua namba ya maabara yetu, nikailinganisha na ya ripoti ya maji ya mwezi uliofuata, nikaandika kwamba ugumu wa kisima umepanda mara mbili na nusu. Kisima hakikuwa kimebadilika hata kidogo. Tangu siku ile nina daftari dogo la vipimo tu: neno, idara, maana yake kwao, jinsi ya kubadilisha. Anza la kwako wiki ya kwanza.

Takwimu nilizipuuza nikapata supu, yaani mtihani wa marudio. Sikuona zinahusiana na nini, mpaka nilipoielewa habari ya Makutupora. Visima vya Makutupora, kaskazini ya mji, ndivyo vilivyoilisha Dodoma maji kwa miaka mingi, na kina cha maji yake kimepimwa tangu miaka ya 1950. Ukitazama miaka mitano tu unaweza kuona maji yanashuka basi. Ukitazama miaka 50 unaona kwamba visima hivyo hujazwa kwa nadra, katika misimu ya mvua kubwa kama ile ya El Niño ya 1997/98. Yaani Bahari ya Pasifiki ikipata joto, kisima cha hapa kwetu kinapanda. Jambo hilo halionekani kwa macho, na mwamba peke yake haukuambii. Linaonekana kwenye mlolongo mrefu wa namba, kwa mtu anayejua kuzisoma. Jifunze programu ya takwimu ya R na ya ramani ya QGIS. Zote ni za bure na kompyuta ya kawaida inazibeba.

Kuna watu wanadhani tunachanganya masomo kwa kukosa msimamo. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kuvu ni baiolojia, sumu yake ni kemia, ini lililoharibika ni tiba, mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu ni kilimo na hali ya hewa. Aliyejua kimoja tu asingeweza kumwambia mama wa Wilaya ya Chemba, Dodoma, afanye nini na gunia lililoko nyumbani kwake.

Kuhusu ajira, nitasema kwa ufupi. Matangazo ya kazi serikalini hutaja shahada kwa jina, na jina la shahada yako huenda lisiwemo. Yasome matangazo hayo kuanzia mwaka wa kwanza, uone wanataka nini, kisha chagua kozi za hiari kwa kuyaangalia. Ifikapo mwaka wa pili uwe na ujuzi mmoja unaoweza kutajiwa jina: kupima maji, kuchora ramani, kuchambua takwimu. Na tumia mji huu. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini ina makao yake hapa Dodoma, vituo vya utafiti wa kilimo viko Makutupora na Hombolo, wizara ziko Mtumba. Barua ya kuomba fildi ipeleke mapema, kwa mkono, na swali lako ulitaje humo ndani.

Kama bado huna swali, angalia birika la umeme la chumbani kwenu hosteli. Wiki chache tu linakuwa na ukoko mweupe chini. Nunua ndimu soko la Majengo, ikamulie humo birika likiwa limepoa na umechomoa waya, halafu sogeza sikio. Utasikia linachemka bila moto. Andika ulichosikia, na tarehe, na maji mliyachota wapi.