Muulize Fundi: Sauti Ipo, Picha Haipo

Safari hii nimeziweka kando barua za redio na pasi. Zilizobaki mezani zinalia kilio kimoja: runinga bapa imeingia giza, au inagoma kuwaka. Nazijibu kwa jinsi zilivyonigusa, si kwa jinsi zilivyofika.

Shikamoo Fundi. Runinga yangu ya LED, inchi 43, ina miaka minne. Juzi tukiwa kwenye taarifa ya habari kioo kilikuwa cheusi ghafla, ila mtangazaji akaendelea kusoma kama kawaida. Nikizima na kuwasha, nembo inatokea kufumba na kufumbua, kisha giza. Fundi niliyempelekea aliitazama dakika mbili akasema kioo kimekufa, nitafute runinga nyingine. Je, ni kweli?
*Msikilizaji wa Runinga*

Marahaba. Jina ulilojipa limenichekesha, lakini nina habari njema. Hicho kioo hakuna aliyekipima, kwa hiyo hakuna mwenye haki ya kukizika.

Subiri usiku, zima taa za chumbani, washa runinga na uiache kwenye stesheni yoyote yenye watu wanaotembea. Chukua tochi kali, isogeze karibu kabisa na kioo, umulike kwa kuilaza kidogo, macho yako yakifuata pale mwanga unapogonga. Bonyeza menyu kwenye rimoti. Ukiona maandishi hafifu, au kivuli cha mtu kikipita, picha ipo. Kilichokosekana ni mwanga.

Jina la LED linawapoteza wengi. Kioo cha LCD hakitoi mwanga wake chenyewe hata chembe. Ni mamilioni ya vijidirisha vinavyofunguka na kujifunga, na mwanga unatoka kwenye taa zilizopangwa nyuma yake au ubavuni, ambazo mafundi tunaziita baklaiti. Runinga yako ni LCD ile ile ya zamani, ila taa zake za nyuma ni LED badala ya mirija.

Taa hizo zimebandikwa kwenye kanda nyembamba na kuungwa kwa mfuatano, mkia wa hii kwenye kichwa cha ile. Moja ikikatika ndani, wenzake wote kwenye msururu huo wanakosa umeme hata kama ni wazima. Bodi inayoziendesha inapandisha volti ikitafuta njia, haioni mkondo ukipita, inajizima ili isiungue. Ndiyo hiyo nembo yako ya kufumba na kufumbua: zile taa za misururu mingine huwaka kidogo kabla bodi haijakata.

Mwenye mita ya kupimia umeme athibitishe hivi. Aweke ncha kwenye plagi inayopeleka umeme kwenye kanda, kisha awashe. Volti zikiruka juu halafu zikaanguka, bodi inafanya kazi na ugonjwa uko kwenye taa. Zisipopanda kabisa, aangalie kama amri ya kuwasha inafika kutoka bodi kuu. Waya wake mara nyingi umeandikwa BL-ON, na unatakiwa uwe na volti kadhaa runinga ikiwashwa. Amri ipo na volti hazipandi, basi mgonjwa ni bodi. Amri haipo, usipoteze usiku wako kwenye taa.

Kanda zenyewe zina mtego. LED nyingi za runinga huhitaji volti 3 hivi kila moja, ila zipo za volti 6, kwa kuwa ndani ya kifuniko kimoja mna LED mbili. Mita ya kawaida kwenye kipimo cha dioda haifiki volti 6, kwa hiyo taa nzima haiwaki na fundi anaitupa. Tumia kipima LED cha runinga, kile kinachopandisha volti chenyewe kwa mkondo mdogo. Kinapima kanda nzima kwa mara moja, na taa isiyowaka inajulikana.

Ukifika kwenye kubadilisha, badilisha kanda zote. Najua utaambiwa taa moja inatosha, na kweli picha itarudi. Lakini zile nyingine zimekula joto lile lile kwa miaka ile ile, na utaifungua tena kabla hujasahau skrubu zilikokuwa. Kazi ngumu si kulehemu, ni kukinyanyua kioo. Kinahitaji watu wawili na meza yenye kitambaa laini. Tepe nyembamba za ukingoni zikichanika hazishonwi. Karatasi nyeupe zilizo kati ya kioo na taa zipige picha kabla hujaziondoa, maana zina mpangilio wake na upande wake, na vumbi likiingia hapo utaliona kila siku.

Ikishapona, ingia kwenye menyu ushushe baklaiti. Wengi wanaiacha juu kabisa, na joto ndilo linaloziua LED. Angalia vizuri, kwenye runinga nyingi kuna mipangilio miwili inayofanana majina: mmoja unabadilisha weusi na weupe wa picha tu, mwingine ndio unaopunguza nguvu ya taa zenyewe. Huo wa pili ndio unaoutaka.

Kuhusu huyo fundi wa dakika mbili, siwezi kumcheka sana. Miaka yangu ya mwanzo na runinga bapa nilimhukumia mteja vivyo hivyo, akaniachia runinga niifanye vipuri. Usiku ule skrubu ilinidondoka chini ya meza huku ile runinga ikiwa bado imewashwa. Nikapitisha tochi kuitafuta, mwanga ukapita juu ya kioo "kilichokufa", nikamwona mchezaji anakimbia na mpira. Nilimpigia mteja simu saa nne usiku. Tangu hapo tochi ndiyo kifaa changu cha kwanza, bisibisi cha pili.

Fundi, runinga yetu ni LCD ya zamani lakini picha yake bado inatupendeza. Tatizo ni kuiwasha. Taa nyekundu inapepesa, ndani inasikika tik, tik, tik, na tunaihangaikia kwa nusu saa. Ikishakubali, inakaa hadi usiku bila shida. Mwaka jana ilikuwa dakika tano tu. Mume wangu anasema ni rimoti.
*Mama Mvumilivu*

Mama Mvumilivu, rimoti haitoi mlio ndani ya runinga. Huo tik, tik ni swichi ya sumaku iliyo kwenye bodi ya umeme, inajaribu kufunga, volti hazitoshi, inaachia.

Maelezo yako yamenirahisishia kazi: inasumbua ikiwa baridi, inatulia ikipata joto, na kila mwaka inazidi. Hizo ni kapasita, vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme na kuutuliza. Kapasita za bodi ya umeme zina maji maji ndani yake, na joto la miaka huyakausha. Zikikauka, upinzani wake wa ndani unapanda, volti zinayumba badala ya kutulia. Joto likizizunguka zinapata nafuu kidogo, ndiyo maana runinga ikishakubali haisumbui tena.

Fundi akifungua, atazame vichwa vya kapasita kwanza. Kilichovimba kama chapati au kinachovuja kahawia, hakina mjadala. Ila nyingine hufa zikiwa na kichwa bapa, hasa zilizosimama karibu na vipande vya alumini vya kupozea. Kwa hizo nina ujanja wa kikaushio cha nywele: runinga ikiwa imechomolewa, nazipuliza joto la wastani kwa dakika chache, narudisha umeme na kuwasha. Ikiwaka mara moja, kesi imekwisha.

Kapasita mpya iwe na mikrofaradi zile zile. Volti ziwe zile zile au juu kidogo. Mahali pa volti 10, mimi hupenda kuweka ya 16. Iwe ya nyuzi 105, na ya upinzani mdogo wa ndani, zile zinazotengenezwa kwa ajili ya pawa saplai. Ukiweka yoyote iliyokuwa kwenye droo, itakurudia. Ule mstari wa ubavuni ni upande wa hasi, na ukigeuza, italipuka.

Kabla hajabadilisha chochote apime volti za stendibai, mara nyingi ni 5. Zikiwa 4 au zinacheza, achomoe plagi inayokwenda bodi kuu apime tena. Zikitulia, bodi kuu ndiyo inayozivuta chini, na kapasita zako huenda ni wazima. Nimeona watu wakibadilisha kapasita kumi kwa sababu hawakuchomoa plagi moja.

Sasa niseme jambo kwa wote mnaopenda kufungua wenyewe. Kwenye bodi hiyo kuna kapasita moja kubwa kuliko zote. Kwenye umeme wa volti 230 inabeba zaidi ya 300, na kwenye runinga nyingi hufika karibu 400. Ukichomoa runinga ukutani, yeye hajui kwamba umechomoa. Anaweza kubaki na umeme wake muda mrefu. Usimmalize kwa bisibisi. Mimi nilifanya hivyo ujana wangu: ncha ya bisibisi iliyeyuka, masikio yakavuma hadi jioni, na bodi iliyokuwa na ugonjwa mmoja ikawa na mitatu. Tumia rezista ya kilo-omu 2 hivi, ya wati 5 au 10, yenye waya zilizofunikwa vizuri. Ishikilie sekunde chache, kisha hakikisha kwa mita. Huna mita? Usifungue.

Picha imekuwa ya zambarau, nyuso za watu zinaonekana kama wanakosa hewa. Pia kuna vidoa vya mviringo vyenye mwanga mkali. Nimebadilisha kebo na kingʼamuzi, wapi.
*Dada wa Zambarau*

Dada, kebo haina hatia. LED nyeupe kwa kweli ni LED ya bluu iliyopakwa unga wa manjano juu yake. Unga ukiungua, bluu inabaki peke yake. Vidoa ni lenzi ndogo za plastiki zilizobanduka kwenye taa. Bila lenzi, mwanga wote unakwenda mahali pamoja. Dawa ni kanda mpya, kama nilivyomweleza Msikilizaji. Kwa sasa shusha baklaiti ili upate muda wa kujipanga. Kioo chako ni kizima.

Mimi ni mzee mwenzako. LCD yangu nzito, ya kabla ya hizi za LED, inawaka vizuri sekunde mbili halafu giza. Sauti inaendelea. Nikizima na kuwasha, sekunde mbili tena.
*Mzee wa Sekunde Mbili*

Mzee mwenzangu, yako ina mirija ya mwanga, myembamba kuliko penseli, na bodi yenye transfoma ndogo inayoipandishia volti. Kuuamsha mrija kunaweza kuhitaji zaidi ya volti 1,000, kwa hiyo vidole viwe mbali na plagi zake. Bodi inaihesabu mirija yote. Mmoja ukichoka, au transfoma moja ikikatika, inazima yote. Sekunde mbili zako ndizo muda inaotumia kuhesabu.

Anza na lililo jepesi: plagi za mirija ziwe zimekaza, na miguu ya zile transfoma ilehemiwe upya, maana risasi ya kulehemu hupasuka kwa joto na ufa wake unaonekana kwa lenzi tu. Hilo limeniponyeshea runinga nyingi bila kununua kitu. Lakini kama mrija wenyewe ndio umekufa, nakuambia kama ndugu: usiuhangaikie. Kuung'oa ni kufungua kioo kizima, ukivunjika una zebaki ndani, na wenzake nao wako njiani.

Fundi, umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, runinga ikafa kabisa, hata taa nyekundu haipo. Kaka yangu alikuta fyuzi imeungua, akaweka waya. Ikalia paa! na kukata umeme wa nyumba nzima. Sasa anatafuta waya mnene zaidi. Nimruhusu?
*Mdogo Mtu*

Usimruhusu.

Fyuzi iliyokatika taratibu kioo chake kinabaki safi. Ikiwa kioo kimekuwa cheusi kama chungu, ilikatwa na shoti, na shoti hiyo bado inasubiri. Baada ya umeme kurudi kwa kishindo, kwanza tazama kile kidude cha duara, bapa kama sarafu, kilicho karibu na fyuzi. Kazi yake ni kujitoa mhanga volti zikizidi, na kikipasuka kimefanya kazi yake. Kisha pima dioda nne za mwanzo, halafu transista kubwa iliyofungwa kwenye alumini. Mojawapo itasoma sifuri pande zote mbili.

Ukishabadilisha, usiwashe moja kwa moja. Unga balbu ya kizamani ya waya, ya wati 60 au 100, kwa mfuatano na runinga. Ikimeta mara moja na kufifia, endelea. Ikiwaka kwa nguvu zote na kubaki hivyo, shoti bado ipo, lakini safari hii umepoteza nuru tu, si bodi.

Na mwambie kaka aniletee ule waya wa kwanza, kama umebaki. Nina kopo la waya za namna hiyo hapa karakana, na huwa nawaonyesha wanafunzi wangu siku yao ya kwanza.