Namna ya Kumzoesha Mtu Vichekesho vya Televisheni ya Uingereza Ukiwa Marekani

Watu wengi hapa Marekani wanaosema kwamba hawavipendi vichekesho vya Uingereza walianzishiwa mahali pasipowafaa, wakaishia hapo hapo. Nimekaa Ohio muda wa kutosha kuwa raia, na kwa miaka yote hiyo nimevitafuta vichekesho hivi maktabani, kwenye maduka ya mitumba na kwenye vituo vya televisheni vya umma, kisha nikawapelekea majirani, wafanyakazi wenzangu na ndugu waliohamia huku kutoka Mombasa na Tanga. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja, na mengine yanatokana nao: mchagulie mtu kipindi kwa kuyaangalia maisha yake, usikichague kwa sababu ya umaarufu wake.

Kwa kawaida mtu huanzishwa na Monty Python's Flying Circus, kipindi cha BBC cha vichekesho vifupi vifupi. Hilo linaeleweka, kwa kuwa ndicho kipindi kilichowafungulia Wamarekani mlango pale kituo cha umma cha KERA, mjini Dallas, kilipokirusha mwaka 1974. Mimi nakipenda sana, lakini simpi mgeni. Hakina hadithi ya kufuata, na sehemu kubwa ya uchekeshaji wake ni kuivuruga televisheni ya BBC ya wakati ule, ambayo mtazamaji wa Ohio hakuwahi kuiona. Afadhali Fawlty Towers, yenye sehemu 12 tu, 6 za mwaka 1975 na 6 za mwaka 1979, zinazohusu hoteli ndogo ya Torquay, mji wa pwani ya Uingereza, na mwenyewe asiyewavumilia wageni. Hata hapo sianzi na sehemu ya kwanza. Ndugu zetu wengi huku wanafanya kazi ya kuwahudumia wazee, na hao huwaonyesha ile ya mwaka 1979 yenye mama mzee mwenye uziwi, anayekizima kifaa chake cha kusikilizia ili betri isiishe, kisha akalalamikia bafu, chumba na mandhari ya dirishani kana kwamba hoteli ndiyo iliyojenga mji. Aliyewahi kusimama mbele ya mteja wa namna hiyo, huku akitakiwa kutabasamu, hahitaji kuelezwa lolote kuhusu Uingereza.

Mtu aliyefanya kazi serikalini, iwe Columbus au Dar es Salaam, mpe Yes Minister, iliyoanza mwaka 1980 ikaendelezwa na Yes, Prime Minister hadi mwaka 1988. Paul Eddington ni waziri mwenye nia njema. Nigel Hawthorne ni katibu mkuu wake, ambaye anaweza kuzungumza dakika nzima bila kupumua ili jambo lisifanyike. Anza na sehemu ya mwaka 1981 inayohusu hospitali mpya yenye watumishi 500 wa utawala na isiyo na mgonjwa hata mmoja. Mjomba wangu, aliyestaafu kutoka wizarani, aliniomba nirudishe nyuma pale katibu mkuu anapoeleza kwamba watumishi hao wana kazi nyingi kweli kweli, akasikiliza tena huku akitikisa kichwa, kisha akaanza kunitajia idara alizozijua. Tulizima televisheni usiku wa manane.

Kwa familia yenye watu wa rika zote nakiweka mbele Keeping Up Appearances, ambacho Roy Clarke alikiandika na BBC ikakirusha kuanzia mwaka 1990 hadi 1995. Patricia Routledge ni Hyacinth, mama wa nyumba ya kawaida anayetaka mtaa mzima umwone kuwa mtu wa tabaka la juu. Mtazame jirani yake Elizabeth anapokaribishwa kahawa: mwenyeji anasifia vikombe vyake vya thamani, mkono wa Elizabeth unaanza kutetemeka, sosa inalia, na kahawa inamwagika kwa sababu ameogopeshwa asiimwage. Upande wa pili yupo Onslow, mume wa dada yake Hyacinth, mwenye fulana, bia na gari bovu linalolipuka moshi kila linapowasili mahali ambapo Hyacinth hataki lionekane. Nimewaonyesha kipindi hiki akina mama wa pwani, na kila mmoja alimjua Hyacinth wake, awe wifi au jirani, anayeficha ndugu maskini siku ya harusi. Wakosoaji husema kinarudia jambo moja kila wiki, na ni kweli; lakini kujirudia huko ndiko kunakomfanya mgeni wa lafudhi za Kiingereza asipotee, maana anajua mapema kwamba Hyacinth ataaibika na anabaki kungoja namna tu.

Wazee wa Kimarekani waliopenda kichekesho cha huku kiitwacho Sanford and Son katika miaka ya 1970 wana mlango wao. Kipindi hicho kilitokana na Steptoe and Son cha BBC, kilichoanza mwaka 1962, kuhusu baba na mwanawe wanaookota na kuuza vitu chakavu London. Kile cha Uingereza kina huzuni zaidi, kwa hiyo nawaambia mapema. Na kwa Waafrika wenzangu ambao wanadhani vichekesho hivi ni vya Wazungu peke yao, natafuta Desmond's cha Channel 4, kituo kingine cha Uingereza, kilichorushwa kuanzia mwaka 1989 hadi 1994, ambamo Norman Beaton ana duka la kinyozi huko Peckham, London. Miongoni mwa wanaoshinda dukani humo yupo Matthew, mwanafunzi kutoka Gambia, na mabishano yake na watu wenye asili ya visiwa vya Karibi kuhusu nani anaijua dunia zaidi yanafanana mno na yale tunayoyasikia kila Jumamosi tukienda kunyoa. Kinanisikitisha kwamba hakijulikani huku kama kinavyostahili.

Kuhusu kuvipata, anza na maktaba ya umma, kabla hujalipia chochote. Maktaba za Marekani huazimisha DVD, huweza kukuletea nakala kutoka maktaba ya mji mwingine, na nyingi zina fomu ya kupendekeza vitu vya kununuliwa. Huduma za kulipia kama Acorn TV na BritBox, iliyoanza Marekani mwaka 2017, ni nzuri, ila vipindi huingia na kutoka, kwa hiyo kile unachokipenda sana kitafute kwenye diski. Ukiagiza diski Uingereza, kumbuka kwamba DVD hufungwa zichezwe katika eneo moja la dunia tu: za huko ni za eneo la 2 na mfumo wa picha wa PAL, ilhali mashine za hapa ni za eneo la 1 na mfumo wa NTSC. Nunua deki inayosoma maeneo yote na kubadilisha PAL yenyewe. Usitegemee kubadilisha eneo kwenye kompyuta, kwa sababu kwa kawaida kiendeshi cha DVD huruhusu mabadiliko 5 tu, kisha hujifunga. Vituo vya umma navyo tusivisahau: kila kituo hujipangia ratiba yake, na tangu Bunge la Marekani lilipoviondolea fedha za serikali kuu mwaka 2025, mchango na barua ya mtazamaji vina uzito zaidi.

Angalia pia urefu. Sehemu ya BBC ya nusu saa hukaribia dakika 30 kamili kwa kuwa haina matangazo, ilhali kituo cha biashara cha Marekani kina dakika kama 22 tu za kujaza. Ukiona dakika 22, ujue pamekatwa. Kundi la Monty Python lilikwenda mahakamani baada ya ABC, kituo cha biashara cha Marekani, kukata dakika 24 katika 90 za kipindi chao mwaka 1975, na mwaka 1976 mahakama ya rufaa ikawaunga mkono. Walikuwa na haki, kwa sababu kichekesho hutegemea maandalizi yake, na maandalizi ndiyo mkata filamu anayoyaona kuwa hayana kazi.

Siku ya kutazama, washa maandishi ya chini ya skrini bila kumuuliza mtu, kwa maana wageni wengi huona haya kusema kwamba hawasikii lafudhi. Sema mambo mawili matatu kabla, kwa mfano kwamba Kanisa la Anglikana nchini Uingereza liliwapa wanawake upadri kwa mara ya kwanza mwaka 1994, mwaka ule ule ilipoanza The Vicar of Dibley, kichekesho kuhusu padri mwanamke, kisha nyamaza. Kichekesho kikielezwa katikati, cha pili kinapita bila kusikika. Weka sehemu moja au mbili tu kwa jioni moja, na uwaalike wachache nyumbani, kwa kuwa kuonyesha hadharani ukumbini au kanisani huhitaji kibali cha mwenye hakimiliki. Mgeni akiondoka, usimpe boksi zima. Mwazimishe diski moja, yenye ile sehemu aliyoicheka, na umwache aombe inayofuata.