Jibu: Mashine ya kusikia inapiga mluzi nikiimba kasida

Waalaikumu salaam dada. Kumbe mashine inalia ukivuta sauti ndefu, na mkiimba pamoja na wenzako wa kikundi cha kasida unatoka nje ya sauti.

Anza na mpangilio wake. Nyingi hupangwa kwa mazungumzo. Sauti ndefu huidhania ni mluzi wa mashine yenyewe, zinaikatakata. Mtaalamu akuwekee programu ya muziki, na umwimbie palepale, usiishie kuongea. Yangu ilitulia hapo.

Jukwaani kaa mbali na spika, karibu na dufu. Sakafu ikiwa ya mbao, vua viatu: Mandy Harvey, mwimbaji kiziwi wa Marekani, aliimba peku kwenye shindano la vipaji la America's Got Talent mwaka 2017 akifuata mtetemo. Ila mtetemo hukupa mapigo zaidi; sauti ya kuanzia mwombe mpiga kinanda. Kama umepandikizwa kifaa sikioni, hicho sijakitumia.