Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Chura wa Kihansi Asibaki Ughaibuni?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari huku Mlimba. Nilipokuwa nikiwafundisha wanafunzi habari za vyura wa Kihansi, mmoja wao aliniuliza: ikiwa vyura hao waliwahi kutunzwa Marekani kwa miaka 10 na kizazi chao hakikupotea, kwa nini tusiwaache huko, maji yote ya mto yakazalisha umeme? Sikuwa na jibu la kumridhisha. Naomba msaada, na pia utueleze sisi wakazi wa huku tunaweza kufanya nini.

JIBU: Mwalimu, mpongeze mwanafunzi huyo, kwa maana ameuliza jambo ambalo hata watu wazima wamelibishania kwa miaka mingi.

Kwanza afahamu chura huyo aliishi wapi. Tangu wataalamu walipomgundua mwaka 1996, hajapata kuonekana porini mahali pengine popote duniani isipokuwa katika korongo la Mto Kihansi, kwenye Milima ya Udzungwa, katika eneo lisilozidi sana hekta mbili. Maji yalipoporomoka na kupiga miamba yalitoa rasharasha usiku na mchana, na rasharasha hizo ndizo zilizolowesha majani na kuvumwani na kulifanya korongo liwe na ubaridi wa namna moja mwaka mzima. Chura mwenyewe ni wa rangi ya manjano, na jike mkubwa hafikii sentimita tatu. Hatagi mayai majini kama vyura tuliowazoea, bali huzaa watoto waliokwisha kuwa vyura kamili, na ngozi ya tumbo la jike mwenye mimba ni nyembamba kiasi kwamba watoto huonekana wakiwa ndani.

Mtambo wa umeme wa megawati 180 ulipoanza kazi, maji yaliyokuwa yakipita korongoni yalipungua kwa takriban asilimia 90, kwa sababu sasa yalipitishwa kwenye handaki ndani ya mlima. Korongo lilibaki pale pale, lakini rasharasha zilikoma, na kwa chura huyu hiyo ni sawa na kubomolewa nyumba. Ninasikitika kila ninapokumbuka kwamba ujenzi ulikuwa umekwisha kuanza wakati anagunduliwa. Uchunguzi wa viumbe ulipaswa kutangulia saruji.

Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani, na korongoni yakatandazwa mabomba ya kunyunyizia maji ili kuiga rasharasha za asili. Kwa muda ilionekana kuwa dawa imepatikana, kwani kufikia katikati ya mwaka 2003 vyura wa korongoni walikadiriwa kuwa 20,000. Miezi michache baadaye walikuwa karibu wameisha wote. Kuvu wa kitridi, anayeshambulia ngozi ya vyura, alikutwa kwenye mizoga, na wapo wataalamu walioshuku pia sumu za mashambani zilizoletwa na maji. Mwaka 2009 ilitangazwa rasmi kwamba chura huyo ametoweka porini.

Hapa ndipo lilipo jibu la mwanafunzi wako. Vyura waliopelekwa ughaibuni hawakustawi kwa urahisi. Wengi wao walikufa, na kuna wakati walibaki chini ya 100. Waliobaki waliishi ndani ya masanduku ya kioo, wakihitaji maji safi ya kunyunyiziwa, taa maalumu na wadudu wa kuwalisha, siku zote, kwa mikono ya watu. Bomba likiziba au ugonjwa ukiingia, hakuna akiba nyingine popote. Ndiyo maana mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni, jambo ambalo halikuwa limepata kufanyika kwa chura yeyote aliyekwisha kutangazwa kuwa ametoweka porini. Nao umeme haukuzimwa kwa ajili yao: korongo linaachiwa sehemu ndogo tu ya maji, na mtambo unaendelea kufanya kazi. Kwa maoni yangu, hiyo si gharama kubwa kwa nchi.

Kuhusu wakazi, kazi kubwa iko juu ya bwawa la mtambo huo, kwenye mabonde ya Mufindi na Kilolo, ambako vinyungu, yaani bustani za mabondeni, hulimwa hadi ukingoni mwa vijito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za namna hiyo ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Mkulima anayeiheshimu, na asiyeoshea bomba lake la dawa mtoni, anamlinda chura asiyepata kumwona, na pia anaulinda mtambo dhidi ya tope na upungufu wa maji wakati wa kiangazi. Ninyi wa Mlimba, mkipata kibali cha kuwapeleka wanafunzi korongoni, hakikisheni viatu vya kila mmoja vimesafishwa tope na kutiwa dawa kabla ya kuingia, kwa kuwa kuvu husafiri kwenye tope bichi la soli.