Mwanangu, hiyo samansi usiichane

Mwanangu,

Meseji yako nimeiona tangu juzi, ile yenye picha ya samansi, na swali nimelielewa vizuri tu. Umeitwa kwenye juri, wale raia wa kawaida wanaoamua kesi, huko Minneapolis, Marekani, uraia wenyewe ndo kwanza wino haujakauka, na unataka mama yako akwambie useme nini wakuache, kama unaweza kuwaambia kwamba dini yetu hairuhusu kumhukumu mtu. Nilikuwa natafuta jibu fupi nimelikosa, ndo maana naandika hii ndefu, isome ukiwa umeshakula.

Hiyo ya dini achana nayo. Babu yako alikuwa mzee wa kanisa na bado alikuwa mzee wa baraza, raia anayekaa na hakimu kusikiliza kesi, Mahakama ya Mwanzo hapa Tanzania miaka na miaka mpaka magoti yakamkatalia. Na pale enzi zake mzee alikuwa anapiga kura kabisa, hakimu mmoja wazee wawili, wakitofautiana wengi wanashinda, na ile kesi ya mpaka wa shamba ambayo wazee walimzidi hakimu si tumeisikia kila Krismasi hadi kaka yako akawa anaisimulia yeye. Kwa hiyo usiende kuwaambia Wamarekani kitu ambacho babu yako angekukana.

Mimi yangu ilikuwa tofauti, ilikuwa Mahakama Kuu, walipokuja kufanya kikao mjini kwetu, mwaka ule baba yako ameanza kuumwa na wewe ulikuwa bado hosteli. Hujawahi kunisikia nikiisimulia yote maana huwa naishia pale kwenye kibatari, watu wanacheka, basi.

Kesi ya mauaji. Kijana amechomwa kisu nje ya kilabu cha pombe usiku, akafa, na mshtakiwa kijana mwenzake, wanadaiana hela. Tulikaa wazee watatu, mimi mwanamke peke yangu. Jaji alitueleza mapema kabisa kwamba sisi tunatoa maoni tu, yeye hafungwi nayo, na kwamba tukitaka kuuliza tuulize kitu cha kutufafanulia, tusimbane shahidi kama mawakili, kwa sababu Mahakama ya Rufani imeshafuta kesi nyingi sababu ya wazee kujifanya mawakili. Nikasema sawa. We unanijua lakini, kukaa kimya nikiwa na swali ni mateso.

Shahidi mkubwa akaja, akasema alimwona mshtakiwa kwa mwanga wa kibatari, amesimama mlangoni na kisu mkononi. Wakili wa serikali akauliza yake, wa utetezi akauliza yake, umbali, muda, ulikuwa umekunywa kiasi gani. Ikafika zamu yetu. Wale wazee wenzangu wakasema hawana swali. Mimi nikamuuliza, kibatari kilikuwa kimewekwa wapi? Akasema kwenye meza ya muuzaji, ndani. Na wewe ulikuwa umesimama wapi? Nje, karibu na mchongoma. Nikakaa. Sikuongeza neno, maana nilishaonywa.

Mwanangu, we umekulia kwenye umeme ila mimi nimelelewa na bibi yako kwa koroboi. Mtu akisimama mlangoni taa ikiwa nyuma yake na wewe uko nje gizani, unachokiona ni umbo jeusi, mabega na kichwa, uso hauuoni hata awe mama yako mzazi, tulikuwa tunatishana hivyo utotoni. Wanasheria wote wale na majoho yao hakuna aliyeliwaza hilo. Jaji aliacha kuandika akanitazama juu ya miwani, halafu akaandika tena, na mpaka leo nikikumbuka yale macho najisikia vizuri, nisikudanganye.

Ila wakili wa serikali naye hakuwa mjinga, akasimama tena, akamuuliza shahidi unamfahamu mshtakiwa tangu lini, akasema tumekua pamoja, nilimjua kwa mwendo na sauti. Hapo ndo kichwa kilianza kuniuma. Kwa sababu mimi baba yako nilikuwa namjua kwa kikohozi tu akiwa barabarani, uso wa nini.

Mshtakiwa alipopanda kujitetea alikuwa anaongea polepole mno, anarudi nyuma, anajirudia, mzee mmoja pembeni yangu akawa anapumua kwa nguvu kama vile yuko foleni ya benki. Mimi nilimsikiliza. Na hili nimewaambia tangu mko wadogo, mtu asikilizwe mpaka amalize, hata kama unajua anadanganya, mwache afike mwisho wa uongo wake. Ile siku ya chupa ya chai wote walikuwa wameshaamua ni wewe, si ni mimi niliyesema mwacheni amalize? Na ulipomaliza ikajulikana ni nani.

Siku ya maoni jaji alitufanyia majumuisho, yaani alitueleza kwa ufupi ushahidi na sheria, akatusomea na kesi moja ya zamani, ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1980, inayosema ukitegemea shahidi aliyemtambua mtu kwa macho lazima uangalie alimtazama kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwaje na kama alimjua kabla. Halafu akatuuliza mmoja mmoja. Na hapa ndo panatofautiana na huko kwenu. Nyie kesi kubwa za jinai mnafungiwa chumbani 12 mnabishana wenyewe, mnatoka na jibu moja, na uliniambia lazima wote mkubaliane. Sisi hakuna chumba. Unasema palepale mahakama nzima inakusikia, mshtakiwa yuko kizimbani hatua chache anakutazama mdomo, ndugu zake huku, ndugu wa marehemu kule. Mzee wa kwanza, ana hatia. Wa pili, ana hatia. Mimi nikasema hana hatia, na sababu nikaitoa, kibatari.

Jaji akaja kumwachia. Lakini sikiliza, hukumu yenyewe sababu kubwa ilikuwa kwamba yule shahidi hakumtaja mshtakiwa kwa polisi siku zile za mwanzo, alikuja kumtaja baadaye sana. Kibatari changu kilipata mstari mmoja. Mstari mmoja! Baba yako alinicheka wiki nzima.

Sasa kinachoniuma ni hiki ambacho huwa sikisimulii. Nilikutana na mama wa marehemu gulioni, upande wa dagaa. Nilidhani atanitukana nikajiandaa. Hakutukana. Alisema, "Mama, wewe si ndo ulikuwa unamsikiliza sana yule. Mlimsikiliza mpaka akamaliza. Mwanangu mimi alisikilizwa na nani?" Halafu akaendelea kuchagua dagaa.

Sikuwa na jibu na mpaka leo sina. Najiambia, kusikiliza mtu hakumnyimi mwingine. Halafu najijibu, mbona kumemnyima, marehemu hana zamu ya kupanda kizimbani, anasemewa na daktari aliyeandika karatasi ya uchunguzi wa maiti na shahidi aliyesimama gizani. Halafu narudi tena, sasa tufanyeje, tumnyonge mtu kwa umbo jeusi mlangoni? Maana kosa hilo adhabu yake sheria imeiandika moja tu, kunyongwa, hata kama tunajua tangu miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa kweli. Kaka yako anasema mama unajitesa bure, maoni yako hayakumfunga jaji. Kweli. Lakini mjini walisema mimi ndo nimemwachia, na mimi mwenyewe moyoni siwezi kusema sikutaka aachiwe.

Kama alimuua au hakumuua? Nina ninachoamini. Sikwambii. Nimebaki nacho miaka yote hii na kimetaka kunitoka mara nyingi, hata hapa vidole vinawasha, lakini kijana yule ana watoto sasa.

Baba yako alikuwa na hasira zake kuhusu haya mambo, alikuwa anasema Waingereza walitupunja makusudi, kwamba Kenya enzi za ukoloni Mzungu akishtakiwa kesi kubwa anapewa juri ya Wazungu wenzake, Mwafrika anapewa wazee wa kushauri ambao jaji anaweza kuwapuuza, na kwamba Dedan Kimathi, yule kiongozi wa Mau Mau, mwaka 1956 pale Nyeri alikuwa na jaji na wazee watatu wa hivyohivyo. Kenya walishawaondoa wazee tangu 2007, na hapa kwetu sheria ilibadilishwa 2022, Mahakama Kuu si lazima tena wakae. Wanasheria walifurahi, kesi zinakwenda haraka. Mimi nilinung'unika peke yangu jikoni. Nani atauliza kibatari kilikuwa wapi?

Ndo maana ile kesi ya askari Derek Chauvin, aliyemuua George Floyd, 2021, hapohapo mjini kwako, niliikesha kwenye simu. Juri hawakuonyeshwa nyuso hata mara moja, ila mwisho jaji aliwauliza mmoja mmoja kwa namba zao kama hiyo ndiyo hukumu yao, na kila mmoja akaitikia. Ile sauti ya mtu anaitikia mbele ya watu, naijua inavyotoka kooni.

Kwa hiyo swali lako, useme nini wakuache. Mawakili watakuhoji kabla hawajakuchagua, jibu ukweli, kama kuna kitu kitakufanya upendelee upande sema, wakikuacha wamekuacha wenyewe. Uongo usiseme. Zaidi ya hapo sikwambii uende wala usiende, we mtu mzima. Ingawa... hapana, nimesema sikwambii.

Wakikuchukua, beba sweta, nasikia majengo yenu kiyoyozi kama mochwari. Na jaji atawakataza kuongelea kesi na mtu yeyote mpaka iishe, na huyo mtu yeyote ni pamoja na mimi. Nitakupigia usiku kukudodosa, najijua. Ukatae tu, hata nikinuna.

Mama yako