Pikapu inakataa kuwaka ikishapata moto

Swali: Salaam fundi. Nina pikapu ya petroli ya mwaka 1989, ya kabureta na distributa. Asubuhi inawaka kwa kugusa ufunguo tu. Nikitembea kama saa moja, nikaizima kushusha mzigo, nikirudi baada ya dakika 15 haiwaki. Stata inazungusha vizuri lakini injini haishiki. Nikiiacha dakika 45 inawaka, inatoa moshi mweusi kidogo, kisha inatembea kama vile haikuwa na shida yoyote. Nimebadilisha betri, plagi na pampu ya mafuta. Nikiipeleka gereji inawaka hapo hapo, fundi haoni tatizo. Sasa nimeambiwa injini imechoka, ifunguliwe. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu yangu, usiifungue injini. Injini iliyochoka kwa kawaida hukusumbua asubuhi, ikiwa baridi. Yako asubuhi inawaka kwa kugusa ufunguo. Usikubali kuingia gharama hiyo kwa dalili hii peke yake.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba gari hufika kwa fundi likiwa limeshapona. Umesubiri dakika 45, umeliwasha, umeendesha hadi gereji, boneti inafunguliwa na kila kitu kipo sawa. Ndipo mtu anaanza kubahatisha: leo betri, kesho plagi, keshokutwa pampu. Kipimo chenye maana kwako ni kile kitakachofanywa palepale gari lilipokatalia, ndani ya zile dakika 15 hadi 30. Kwa hiyo weka ndani ya gari tochi, spana ya plagi, plagi nzima ya akiba, koleo lenye mpini wa plastiki, kitambaa na chupa ya maji. Kizimamoto natumaini unacho, maana tutakuwa karibu na petroli.

Gari likikataa kuna maswali mawili tu: moto wa plagi, yaani cheche, upo? Petroli inafika kwa kiasi chake? Kwa maelezo yako mimi ningeanza na petroli, na sababu ni zile dakika zako. Injini ikizimwa, feni inasimama, pampu ya maji inasimama, lakini joto la silinda hedi na ekzosi halijaenda popote. Linapanda juu, na juu ndipo kabureta ilipokaa. Kwa hiyo kabureta huwa ya moto zaidi dakika 15 baada ya kuzima kuliko ilivyokuwa barabarani. Petroli nayo huanza kuchemka mapema sana: sehemu zake nyepesi zinachemka kwenye nyuzi joto 35 hadi 40 hivi, na chini ya boneti panapita hapo kwa mbali. Ukizima na kuwasha baada ya dakika mbili, inawaka. Ukirudi baada ya saa nzima, inawaka. Hapo katikati inakataa. Jaribu uone kama ndivyo ilivyo kwako.

Sasa angalia kwa macho. Likikataa, acha kupiga stata, toa kifuniko cha chujio la hewa, washa tochi na uangalie ndani ya koo la kabureta. Usivute sigara, na mtu asiguse ufunguo wakati uso wako uko pale. Ukikuta kuta zimelowa, kibati cha chini kinang'aa kwa petroli, au unaona tone linadondoka kutoka kwenye mrija wa katikati ilhali injini imezimwa, petroli imechemka na kumwagika ndani. Injini imefurika. Ukikuta pakavu, zungusha kwa vidole ule wenzo wa kabureta unaovutwa na pedeli ya mafuta, mara moja: lazima uone mchirizi wa petroli ukiruka kwa nguvu ndani ya koo. Usiporuka, bakuli la kabureta, yaani kile chumba chake kidogo kinachotunza petroli, ni tupu, ama limechemka likaisha, ama mvuke umeziba njia kati ya pampu na kabureta.

Ule moshi mweusi unanifanya niamini injini yako inafurika. Siku ikitokea tena, kanyaga pedeli ya mafuta hadi chini kabisa na uishikilie hapo hapo, usiipige-pige, kisha piga stata kwa sekunde 5 hadi 10. Kila ukiipiga-piga pedeli unaongeza petroli kwenye injini iliyokwisha shiba. Ikishika na kutoa moshi, achia pedeli polepole. Hiyo itakufikisha nyumbani, na pia ni ushahidi tosha.

Baada ya hapo tafuta kwa nini inafurika. Umesema umebadilisha pampu ya mafuta. Ni ya aina gani? Kabureta nyingi zinahitaji presha ya psi 3 hadi 5 tu. Ukifungiwa pampu ya umeme ya magari ya injekta, ile inasukuma zaidi ya psi 30, na sindano ya floti, ile inayofunga petroli bakuli likijaa, haiwezi kuizuia. Kama shida ilianza au ilizidi baada ya pampu mpya, anzia hapo. Sindano yenyewe ikilika, au floti ikiwa imekaa juu kupita kiasi, matokeo ni yaleyale. Angalia pia choki, ile inayobana hewa injini ikiwa baridi: injini ikiwa ya moto, kibati chake cha juu kiwe wima, wazi kabisa.

Jambo ambalo mafundi wengi hulipita ni kile kizuizi cha joto chini ya kabureta. Ni kipande kinene cheusi, kigumu kama ubao, kinachokaa kati ya kabureta na manifoldi. Niliwahi kuletewa pikapu iliyosumbua hivi kwa miezi mingi, koili mpya, plagi mpya, kabureta imesafishwa mara mbili. Nilichokiona kwanza ni stadi za kabureta, yaani zile boliti zisizo na kichwa zinazoishikilia: zilikuwa zimechomoza juu ya nati kwa urefu wa pingili ya kidole. Stadi hazirefuki zenyewe. Kulikuwa na kitu kinene kati yake kilichotolewa siku kabureta iliposafishwa, na mahali pake pakawekwa gasketi ya karatasi. Nilipogusa tako la kabureta dakika 15 baada ya kuzima, sikuweza kuacha kidole. Tukarudisha kile kizuizi na gasketi zake mbili, na tatizo likaisha. Angalia stadi zako leo, haitakuchukua dakika moja. Ukishafika hapo, fuata na mpira wa petroli kutoka kwenye pampu. Ukiwa umelala juu ya hedi au karibu na ekzosi, uhamishe, na kama bati la kukinga joto liliondolewa, lirudishe.

Ikiwa koo halina shida na mchirizi unaruka vizuri, geukia umeme. Chomoa waya mmoja wa plagi, chomeka ile plagi ya akiba, laza chuma chake kwenye injini mbali na kabureta, ishike kwa koleo, na mtu apige stata. Cheche iwe ya buluu na uisikie ikipasuka. Ikiwa nyekundu dhaifu, au hakuna kabisa, na asubuhi ilikuwepo, umempata mwizi. Funika koili, ile inayotengeneza umeme mkali wa plagi, kwa kitambaa kilicholoa kwa dakika kadhaa na ujaribu tena. Moto ukirudi, koili inakufa ikipata joto. Ukiwa na mita, koili nyingi za zamani husoma omu 1.5 hadi 3 kati ya vituo vidogo viwili, na maelfu ya omu, takriban 6,000 hadi 15,000, kutoka kituo kidogo hadi cha katikati. Pima ikiwa ya moto. Kupanda kidogo ni kawaida ya shaba. Kisomo kikipotea kabisa, itupe. Koili ikiwa nzima, mshukiwa ni moduli ya distributa, yaani kile kifaa cha umeme kinachoamuru koili, au, kwa zile za pointi, kondensa. Moduli nyingi zinahitaji ile grisi nyeupe ya kupitisha joto chini yake. Ikifungwa bila hiyo inajichoma yenyewe.

Kwa msomaji ambaye pikapu yake ikipata moto stata ndiyo haizungushi, au inazungusha kwa uvivu, kabureta haihusiki. Weka mita kati ya nguzo chanya ya betri na boliti nene ya stata wakati mtu anapiga stata: ikipita nusu volti, kuna kebo au kiungo kibovu. Fanya hivyo pia kati ya nguzo hasi na mwili wa injini, isipite volti 0.3. Waya zikiwa safi, stata yenyewe ifunguliwe.

Na wa dizeli: ikiwaka baridi na kukataa moto ilhali stata inazunguka kwa kasi, laza kitambaa kilicholoa juu ya pampu ya nozeli, injini ikiwa imezimwa, usubiri dakika kumi. Ikiwaka, pampu imelika ndani. Dizeli ya moto ni nyepesi, inavuja ndani badala ya kwenda kwenye nozeli.

Wewe anza na stadi. Kisha likikataa tena, niandikie mambo matatu: lilikataa baada ya dakika ngapi, koo lilikuwa limelowa au kavu, na cheche ilikuwa ya rangi gani.