Mlima Vinson uko Ncha ya Kusini kweli?

Msomaji ametuma sentensi anataka tumsahihishie: "Mlima Vinson, mrefu kuliko yote Antaktika, upo Ncha ya Kusini na Wamarekani walifika kwenye kileleni mwake mwaka 1966."

Shida kubwa ipo kwenye ncha ndugu yangu. Ncha ni pale kitu kinapoishia, ncha ya kisu, ncha ya mkuki, yani nukta sio eneo, kwahiyo Ncha ya Kusini ni ile nukta moja tu ya nyuzi 90 ambapo Wamarekani wana kituo chao cha utafiti cha Amundsen-Scott, na pale hakuna mlima hata wa kusingizia, ni tambarare ya barafu yenye unene unaopita kilomita mbili na nusu. Vinson wenyewe uko kilomita kama 1,200 kutoka hapo, kwenye safu ya Sentinel katika milima ya Ellsworth, latitudo 78 na ushee, umbali ambao ni karibu sawa na reli ya kati Dar mpaka Kigoma sasa we fikiria. Andika tu "uko Antaktika" inatosha, au kama unaitaka sana hiyo ncha basi sema "eneo la ncha ya kusini", hapo hakuna wa kukukamata.

"Mrefu kuliko yote Antaktika" iko poa, mita 4,892. (Ila msije mkadhani ni mrefu kihivyo, Point Lenana pale Mlima Kenya wanapopanda watalii ni 4,985.)

Upo au uko? Kwa kitu kilicho mbali hivyo mi natumia uko, japo kwenye maongezi watu wanasema upo kila mahali na sigombani nao. Ukitaja safu yenyewe unaweza kusema "umo katika safu ya Sentinel", maana umezungukwa na wenzake.

Sasa "kwenye kileleni", hii hapana jamani. Ile -ni mwishoni ishabeba mahali, ukiongeza kwenye umeweka mara mbili. Ni "kwenye kilele chake" au "kileleni mwake", chagua moja. Wapo wanaobisha eti iwe "kileleni pake" kwa sababu juu ya mlima huingii ndani, hoja yao ina mantiki lakini kila mtu anasema timu iko kileleni mwa ligi na mazoea yameshashinda.

Kwahiyo: "Mlima Vinson, mrefu kuliko yote Antaktika, umo katika safu ya Sentinel na Wamarekani walifika kileleni mwake Desemba 1966."